Mkono Juu ya Alteneta

Kasoro alifungua boneti kabla hajafungua mlango wa gari. Ndivyo alivyoanza siku zake kwa miaka ishirini na sita. Alitazama maji, akachomoa kijiti cha oili na kukifuta kwa kitambaa, akaubonyeza mkanda kwa dole gumba, kisha akaweka kiganja cha kulia juu ya alteneta, kile kinu cha umeme wa gari, akatulia, kama mtu anayempima mtoto homa.

Kiganja chenyewe kilikuwa na vidole vinne. Kile kidogo cha mwisho kilichukuliwa na feni zamani, ndipo wenzake wakamwita Kasoro, na yeye akaliitikia jina hilo mpaka likalishinda lile alilopewa na mama yake.

Dereva mzee aliyemfundisha kazi alimwachia kipimo kimoja tu. Gari likishatembea, weka mkono juu ya alteneta, kisha hesabu. Ukifika kumi na mkono bado upo, safiri. Ukiishia tano, kaa macho. Ukishindwa kufika tatu, zima injini, hata kama umembeba nani. Madereva wote wa karakana ile walipima hivyo.

Asubuhi ile alteneta ilikuwa baridi, kwa kuwa gari lilikuwa limelala. Lakini ilinuka. Ilikuwa harufu ya nywele zilizopitiwa na pasi. Kasoro aliinama akanusa tena, kisha akakohoa. Hii ilikuwa alteneta ya tatu katika miezi saba. Mbili za kwanza zilitupwa nyuma ya vyoo, na ukizichungulia ndani, nyaya zake zilikuwa nyeusi kama sufuria ya kuni.

Akaenda nyuma, akafungua mlango wa wagonjwa. Chini ya kitanda ndipo ilipofungwa betri ya lithiamu, nyepesi, nadhifu, yenye kioo kidogo cha kuonyesha imebaki kiasi gani. Ikijaa huonyesha mistari kumi. Jana jioni aliiacha na tisa. Sasa ilikuwa miwili.

"Mlinzi!" akaita. "Nani kalala na gari langu?"

Mlinzi alikuwa anakunja blanketi lake. "Usinitukane asubuhi yote hii, kaka. Umeme ulikatika. Mkuu akasema tuchomeke friji ya kantini hapo, kuna vinywaji vya kikao cha mkurugenzi."

Mkuu wa karakana alikuwa ofisini, anachovya mkate kwenye chai.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Bado hujaondoka?"

"Betri imekwisha, mkuu. Leo nambeba Mwalimu. Mashine yake ya hewa inategemea betri hiyohiyo."

"Itajaa njiani. Injini ikiwaka, betri inakula. Hujui hilo mpaka leo, na mvi zote hizo?"

"Ya zamani ndiyo ilikuwa hivyo. Hii, bila kile kisanduku..."

"Kisanduku, kisanduku!" Mkuu akaweka mkate chini. "Kisanduku kimepelekwa kukaguliwa. Niseme kwa lugha gani? Wewe kazi yako moja, usizime injini. Soma ukutani."

Ukutani paliandikwa kwa kalamu nene: DEREVA ASIZIME INJINI KWENYE FOLENI. BETRI IJAE. Chini yake kulikuwa na sahihi na muhuri.

Zamani amri ile ilikuwa na akili. Betri nzito za maji zilipenda gari likae linanguruma, nazo zinalamba umeme kidogokidogo. Kila dereva alijua kwamba ukisimama mahali, unaacha injini inawaka ili betri ijilishe. Walirithishana mazoea hayo kama watu wanavyorithishana namna ya kufunga lemba. Betri ilibadilishwa, mazoea yakabaki.

Aliyemweleza Kasoro hatari yake ni shemeji yake, kaka wa mkewe, ambaye alikuwa fundi umeme papo hapo karakana.

"Shemeji," alimwambia, "betri ya maji ni kama bibi kizee mezani. Anakula taratibu, akishiba kidogo anasukuma sahani, mpishi anapata kupumua. Hii ya lithiamu ni mtu aliyetoka kulima na njaa ya siku tatu. Chochote unachopakua anamaliza, anagonga sahani anataka kingine. Na mpishi ni alteneta. Mlaji haungui, shemeji. Anayeungua ni aliye jikoni. Gari likikimbia angalau feni inampepea. Likisimama linanguruma, mpishi amefungiwa ndani na moto."

"Na kisanduku?"

"Kisanduku ndiye mama mwenye nyumba, ameshika mwiko. Anapakua kwa kiasi. Mpishi apumue, mlaji ashibe polepole, wote walale salama. Na jambo jingine usilisahau. Betri hii ikiona hatari inajifungia ndani, kama mtu aliyesikia wezi. Ikijifungia, hata ubishe vipi haifungui."

Vitu vilikuja vyote, magari mawili, kila moja na betri yake, inveta yake ya kuufanya umeme wa betri uwe wa plagi, na kisanduku chake cha bluu, yaani kichaji cha kati, chenye mapezi ya kutolea joto. Kasoro mwenyewe alivibeba kuviingiza stoo, na kimoja alikigonga kwenye fremu ya mlango kikabonyea pembe, akanuniwa na mtunza stoo wiki nzima. Siku mbili baadaye visanduku havikuwepo. Shemeji akaambiwa afunge betri moja kwa moja kwenye alteneta kwa waya mnene, umeme ni umeme. Akakataa. Akahamishiwa kwenye kujaza upepo matairi, na mtu mwingine akafunga. Kisha ikaletwa stika ya kubandika kwenye kioo cha mbele, yenye namba na nembo: KICHAJI CHA KATI KIMEFUNGWA NA KUKAGULIWA.

Basi Kasoro akawasha gari.

Mwalimu alikuwa anamngoja barazani, ameshavaa, mkoba magotini, mrija wa hewa puani. Alifundisha darasa la tatu kwa miaka thelathini na mbili. Chaki na moshi wa jikoni vilimla mapafu, na sasa bila mashine hawezi kufika hata mlangoni kwake. Daktari wa mapafu hufika hospitali kubwa mara moja kila miezi mitatu, na saa saba mchana huondoka. Mwalimu alishamkosa mara mbili.

"Umekuja na vidole vyote leo?" akamuuliza Kasoro.

"Vilevile tisa, Mwalimu."

"Bado kimoja. Kalifanye upya sahihisho nyumbani." Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, mhudumu akamshika mgongo.

Mhudumu alikuwa mama mnene mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya mto. Alimlaza Mwalimu, akachomeka mashine kwenye inveta, ikaanza kuvuta na kutoa, puu, haa, puu, haa. "Mtungi wa akiba uko wapi, kaka?"

"Ulipelekwa kujazwa."

"Lini?"

"Mwezi uliopita."

"Ama kweli huko kunajazwa ziwa," mhudumu akasema, akafunga mlango.

Walisafiri vizuri dakika arobaini. Mkanda ulikuwa unalia kila anapopunguza mwendo, mlio mwembamba kama wa panya aliyebanwa, akiongeza mwendo unanyamaza. Kwenye mteremko wa kwanza Kasoro alisimama kando akafungua boneti. Akaweka mkono. Alifika sita.

"Sita siyo kumi," Mwalimu akamwambia aliporudi. Alikuwa anamtazama kupitia kidirisha.

"Tukikimbia inapoa, Mwalimu. Shida ni tukisimama."

"Basi usisimame."

Kilomita tano mbele, karibu na daraja, walikuta kizuizi. Malori yalikuwa yamejipanga mpaka kwenye kona, madereva wamekaa chini ya magurudumu wanacheza karata. Ilikuwa imetimia saa tatu na nusu. Kasoro alipita pembeni huku akipiga honi, mpaka askari wa kizuizi akamnyooshea kijiti.

"Unakwenda wapi wewe? Foleni huioni?"

"Nina mgonjwa, afande. Anapumulia mashine."

"Kila mtu hapa ana mgonjwa wake." Askari akakiona kibandiko kwenye kioo. "Hee, hili lina lithiamu. Mliambiwa. Magari ya lithiamu yote ni ukaguzi. Jipange pale nyuma ya tanki, usubiri mkaguzi."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Anakunywa chai. Yeye si binadamu?"

Kasoro akajipanga nyuma ya lori la tanki, injini inanguruma taratibu, jua linapanda. Nyuma ya kiti chake mashine ilivuta na kutoa. Mistari ilikuwa imefika mitatu. Mkanda ulikuwa unalia bila kunyamaza sasa, na ule mlio ukamwingia kwenye meno.

Saa nne akashuka akaweka mkono. Moja, mbili, tatu, nne. Akautoa.

Akampigia shemeji. Upande wa pili palisikika pampu ya upepo. "Mistari mingapi?" shemeji akauliza.

"Mitatu."

"Hiyo inaibeba mashine saa moja na nusu bila injini. Zima, shemeji. Ipoe. Ukiona mstari mmoja, washa uondoke, hata kama ni kugeuza kurudi. Zima sasa hivi."

"Na foleni ikichukua saa mbili?"

"Ikifa imewaka ni mbaya zaidi ya ikizimwa hai."

Akampigia mkuu wa karakana, maana ndiyo ilikuwa desturi, dereva haamui peke yake. Mkuu hakumwachia amalize. "Kasoro, nisikilize. Ukizima, na mashine ya huyo bibi ikazima, huyo bibi ni wako. Si wa karakana, ni wako. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Iache iwake."

Kasoro alibaki ameshika simu mkononi. Aliangalia ufunguo unavyoning'inia kwenye usukani, na kipande cha kamba nyekundu aliyoifunga binti yake. Kuuzungusha ni kazi ya vidole viwili. Akaweka mikono yote magotini, akauacha.

"Wamesemaje?" Mwalimu akauliza.

"Tusubiri."

"Nani kasema?"

Kasoro akatazama tanki lililo mbele. Mwalimu akamtazama kwa macho ya darasani, yale ya kumtazama mtoto ambaye jibu analijua na hataki kunyoosha mkono.

Ili kuipepea alteneta akaanza kukanyaga mafuta palepale walipo, injini ipige kelele na feni izunguke upesi. Dakika mbili, askari akaja akabamiza boneti kwa kijiti. "Unanifokea na gari? Unataka kuruka?"

"Naipooza, afande."

"Ipoozee kwenu. Kelele hapana."

Saa nne na dakika arobaini mkaguzi akaja, mtu safi, shati limenyooka, midomo bado ina chai. Aliomba karatasi. Akaisoma namba iliyo kwenye karatasi, akaisoma iliyo kwenye stika, akaweka kidole kwenye moja na kidole kwenye nyingine. Zilifanana. Akaridhika.

"Kichaji cha kati, kipo. Safi."

"Hakipo, mkaguzi," Kasoro akasema.

"Kipo. Hiki hapa." Akagonga stika.

"Hicho ni kibandiko. Njoo nikufungulie boneti uone. Uweke na mkono."

"Mimi si fundi, mzee. Mimi nakagua." Akapapasa mifuko. "Muhuri anao mwenzangu. Anakuja sasa hivi, kaenda kuchukua wino."

Mhudumu akatoa kichwa mlangoni. "Baba, wino! Mtu anapumulia plagi humu, wewe unasubiri wino?"

"Dada, usinipigie makelele kazini kwangu."

Kasoro hakuwasikia tena. Harufu ilikuwa imebadilika. Haikuwa ya nywele sasa, ilikuwa ya plastiki na rangi, nzito, inakaa kwenye koo. Akakimbia mbele, akainua boneti, akaweka mkono. Hakufika hata moja. Kwenye dashibodi taa nyekundu ya betri ikawaka, ikafifia, ikawaka tena. Moshi mwembamba wa bluu ukatoka kwenye matundu ya alteneta, kama pumzi ya mtu kwenye baridi. Akafanya lile alilopaswa kulifanya tangu saa nne, akarudi akazungusha ufunguo. Injini ikakata.

Lakini mpishi alikuwa ameshaungua. Na ule waya mnene ulikuwa bado unakunywa, safari hii kwa kurudi nyuma, betri inaimimina nguvu yake yote kwenye alteneta ambayo nyaya zake zilikuwa zimeungua na kushikana ndani. Moshi ukazidi. Kasoro akachukua spana namba kumi na tatu akaingiza mkono kufungua waya. Kiganja kikagusa chuma. Alisikia kama amekishika kisu cha moto, akauma shati lake, akazungusha nati mpaka ikatoka.

Nyuma ya gari kitu kikalia ti, mara moja tu.

Kisha puu, haa, puu, ikanyamaza.

"Kaka!" mhudumu akapiga kelele. "Kaka, imezima! Kila kitu kimezima!"

Betri ilikuwa imejifungia ndani. Kasoro alibonyeza kitufe cha inveta, akabonyeza tena, akabisha kama mtu aliye nje kwenye mvua. Kioo cha mistari kilikuwa cheusi. Mwalimu alikuwa ameinuka nusu, mikono imeshika ukingo wa kitanda, kifua kinapanda na kushuka na hakuna kinachoingia. Kucha zake zilikuwa zinageuka rangi.

"Ofisi yao ina umeme," Kasoro akasema. "Shika mashine."

Alimbeba Mwalimu kwa mikono yake. Alikuwa mwepesi kuliko betri ya zamani. Kutoka pale hadi kibanda cha ukaguzi ni hatua hamsini, akazihesabu, kwa kuwa hesabu ndiyo iliyokuwa kichwani mwake. Madereva wa karata waliinuka wakafungua njia. Mkaguzi akasimama mlangoni.

"Hii ni ofisi ya..."

"Toka!" mhudumu akamwambia, akampita na mashine tumboni. Akang'oa birika la umeme kwenye soketi, chai ikamwagika kwenye mafaili, akachomeka.

Kwa muda mashine haikufanya kitu. Wote walisimama wanaitazama. Kisha ikaguna, ikavuta.

Puu. Haa.

Mwalimu aliwekwa kwenye kiti cha mkaguzi, maana ndicho pekee chenye mikono. Ilipita dakika tano kabla midomo yake haijarudi rangi, na kumi kabla hajaweza kusema. Kasoro alikaa sakafuni mbele yake, ameshika kiganja chake cha kulia kwa cha kushoto. Ngozi ilikuwa imevimba malengelenge, vidole vinne vimejikunja.

"Ulijua," Mwalimu akamwambia taratibu.

"Nilijua, Mwalimu."

"Mkono ulikwambia ngapi?"

"Nne. Halafu sikuuliza tena."

Mwalimu akafumba macho, hakumwonea huruma wala hakumgombeza. Kisha akayafumbua na kumgeukia mkaguzi, aliyekuwa anafuta chai kwenye mafaili kwa leso. "Na wewe kijana. Umeandika kisanduku kipo. Umekiona?"

"Bibi, kwenye karatasi..."

"Nimekuuliza umekiona?"

Mkaguzi aliendelea kufuta. "Sijakiona."

"Sifuri," Mwalimu akasema, akavuta hewa.

Mkuu wa karakana hakufurahi kwenye simu, lakini akasema kuna gari liko karibu, dereva wa mkurugenzi anapeleka vinywaji kwenye kikao ng'ambo ya daraja. Saa tano na nusu ikatokea pikapu nyeupe yenye vioo vyeusi. Hawakuisimamisha kwenye foleni, askari aliinua mti wa kizuizi tangu ikiwa mbali.

Dereva wa mkurugenzi alishuka. "Kasoro, ndugu yangu, nimeambiwa nimpakie bibi. Lakini hewa yake tutaichomeka wapi?"

"Friji yako umeichomeka wapi?"

Dereva alisita, kisha akafungua mlango wa nyuma. Nyuma ya kiti kulikuwa na friji ndogo, imejaa chupa za soda na bia zinazotoka jasho. Chini yake betri ya lithiamu na inveta. Na ubavuni, kimefungwa vizuri kwa skrubu nne, kijitaa cha kijani kinawaka, kilikaa kisanduku cha bluu.

Pembe moja ilikuwa imebonyea.

Kasoro alikigusa hapo kwa kidole cha mkono mzima. Akaipapasa pembe hiyo mara mbili, mara tatu, mpaka dereva wa mkurugenzi akaona aibu kwa niaba ya watu ambao hawakuwepo.

"Mimi nilikikuta hivyo, kaka. Naendesha tu."

"Fungua boneti."

"Ya nini?"

"Fungua."

Pikapu ilikuwa imetoka mbali, friji inavuma, injini imeachwa inawaka. Kasoro aliweka mkono wa kushoto juu ya alteneta. Moja. Kumi. Kumi na tano. Alipofika thelathini aliacha kuhesabu, lakini mkono hakuutoa. Chuma kilikuwa vuguvugu, kama kikombe kilichokwisha kunywewa.

"Mkurugenzi anataka vinywaji vya baridi," dereva akasema nyuma yake, kwa sauti ndogo. "Nikichomoa friji mimi mwenyewe, kazi sina." Akatazama huku na huku. "Lakini mimi nina haja ndogo. Naenda kule kwenye vichaka. Mtu akinywa soda ya moto leo, mimi sikuwepo."

Akaenda. Mhudumu hakungoja kuambiwa mara mbili, akachomoa friji.

Wakampakia Mwalimu kiti cha mbele, mashine magotini kwa mhudumu, imechomekwa. Ilikuwa imebaki saa moja na robo daktari aondoke, na hospitali ni mwendo wa saa moja kama barabara ni tupu. Barabara haikuwa tupu.

"Wewe huji?" Mwalimu akamuuliza kwenye dirisha.

"Nimeambiwa nilinde gari."

"Kapake kitu huo mkono." Akautazama. "Na siku nyingine ukiulizwa ngapi, jibu."

Pikapu ikaondoka. Kasoro aliifuata kwa macho mpaka daraja likaimeza. Kisha simu ikalia.

"Alteneta ya tatu," mkuu akasema. "Ya tatu, Kasoro! Kesho unaripoti kwenye lori la taka. Na kwenye taarifa utaandika kwamba ulizima injini kwenye foleni kinyume na maelekezo, ndiyo maana betri ikafa."

"Sikuzima, mkuu. Ndiyo maana ikafa."

"Andika nilivyokwambia." Simu ikakatwa.

Alikaa kwenye kivuli cha gari lake, lililokuwa limesukumwa pembeni ya foleni. Boneti ilikuwa bado wazi na moshi ulishaisha, imebaki harufu. Akafunga kiganja kwa kitambaa cha oili, upande uliokuwa safi kidogo. Malori yalisogea mawili, yakasimama. Ndipo akausikia, nyuma kabisa, mlio mwembamba kama wa panya aliyebanwa.

Lilikuwa gari la pili la karakana yao, la chanjo. Rangi ileile, stika ileile. Dereva wake, wanayemwita Kipara, alikuwa ameegemeza kiwiko dirishani, injini inanguruma taratibu nyuma ya tanki jingine.

"Kasoro!" Kipara akaita. "Wamekutupa hapo kama gunia la mkaa? Mkuu kasema umeua alteneta tena."

"Una mistari mingapi?"

"Saba. Kwa nini?"

"Saba inabeba friji ya chanjo mpaka jioni. Zima gari."

Kipara akacheka. "Wewe! Nizime halafu niungane na wewe kwenye lori la taka? Nina watoto wanne, bwana. Ukutani pameandikwa."

"Basi vuta boneti tu."

Hilo Kipara hakulikataa, hakuna dereva wa karakana ile anayemkatalia mwenzake kupima. Akavuta. Kasoro akainua boneti kwa kiwiko, akaweka mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima. Moja. Mbili. Mkono ukatoka wenyewe.

Akafunga boneti. Akaenda kwenye dirisha la Kipara, akaingiza mkono ndani akapita juu ya usukani, akazungusha ufunguo, akauchomoa.

Injini ikanyamaza, na friji ya chanjo ikasikika ikiendelea kuvuma kwa utulivu.

"Wee! Umerukwa na akili? Nipe ufunguo!" Nyuma yao honi moja ikalia, kisha tatu, kisha zote. Foleni ilikuwa imesogea, na mbele ya Kipara palikuwa na uwazi wa gari zima. Askari alikuwa anakuja mbio na kijiti chake, mkaguzi nyuma yake, shati lina doa la chai.

"Nani kazima gari kwenye foleni?" askari akapiga kelele akiwa bado mbali. "Nauliza, nani?"

Kasoro alitia ufunguo mfukoni. Akainua juu mkono wake wa kulia, uliofungwa kitambaa, vidole vinne vimetokeza, kama wanavyofanya watoto wa darasa la tatu jibu wakilijua. Kisha akakaa juu ya bampa la gari la chanjo, akangoja chuma kipoe.